Akianguka Nayo

Desemba 4

Nesi Anastasia wa zahanati ameniambia niandike kila mdogo wangu anapoanguka: alikuwa anafanya nini, alimeza vidonge au hakumeza, alikaa muda gani hajitambui. Nimechukua daftari la vipimo vya wateja nikalianzia nyuma. Mbele ni viuno na mabega ya watu. Nyuma ni Antipasi.

Leo alianguka akiwa anafyeka upande wa choo. Mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani. Nilisikia fyekeo likigonga jiwe, kisha kimya. Nilimkuta anatetemeka, povu mdomoni, fyekeo liko chini yake na muundi umechanika. Nikamgeuza ubavu, nikamshika kichwa, nikangoja. Mama alisimama mlangoni akiomba kwa Kinyaturu.

Alipozinduka tulimpeleka akashonwa. Kabla giza halijaingia mama alibeba fyekeo akaenda nalo kwa jirani yetu, mzee Mughwai. Nilimsikia: "Kaa nalo. Hata akija kuliomba mwenyewe, usimpe."

Antipasi naye alisikia.

Desemba 7

Mvua.

Desemba 9

Mvua tena. Nimefikiria jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Antipasi ni mtu mzima, ana miaka thelathini na nne. Kifafa kilimwanza akiwa mdogo, na mkono wake wa kushoto uliungua alipoangukia mafiga. Vidole vitatu vimejikunja mpaka leo. Tangu hapo kazi za nyumba hii zimekuwa zikimtoka moja moja. Moto alikatazwa. Kisima alikatazwa. Ng'ombe walipouzwa alifarijika, maana tayari alikuwa amekatazwa kuwachunga. Zikabaki nyasi. Eneo la marehemu baba, mzee Deo, linashuka kutoka kwenye miamba mpaka barabarani, na watu wakipita husema kwa mzee Deo pamefyekwa kama uwanja wa kanisa. Hayo ni maneno ambayo Antipasi huyasikia akiwa amesimama na fyekeo mkononi.

Sasa hana hata hilo.

Desemba 13

Sare za shule zimeanza kuingia. Kijiji chetu kizima cha Ihanja kimekumbuka watoto wake ndani ya wiki moja. Nyasi zimefika magotini.

Desemba 16

Nimejaribu kufyeka mwenyewe kwa fyekeo la kuazima. Nilifanya kipande cha mbele ya baraza, kiuno kikakataa. Antipasi alikuwa ameketi ananitazama.

"Unatazama nini?" nikamuuliza kwa hasira.

"Unashika karibu mno na chuma, dada. Ndiyo maana unainama."

Nilirudi kwenye cherehani. Mvua ikanyesha mchana kutwa, nikahisi kama nyasi zinanicheka.

Desemba 20

Mbuzi jike amekufa. Tulimfunga kwenye kamba karibu na choo, asubuhi tukamkuta amevimba shingo na mguu wa mbele. Mzee Mughwai alimtazama akasema ameumwa na nyoka, kifutu. Kifutu hakimbii mtu, anakaa palepale anangoja akanyagwe.

Mama haoni vizuri tena. Choo kiko ng'ambo ya nyasi.

Desemba 21

Nampeleka mama chooni nikipiga ardhi kwa mchi. Kila akitaka kwenda ananiita, kila akiniita naacha sare.

Desemba 26

Kaka Christopher na wifi Belinda walifika jana kutoka Dodoma kwa ajili ya Krismasi. Wifi hakushuka kwenye gari mpaka mtu apite mbele yake na fimbo. Sikumlaumu.

Leo baada ya kula kaka aliita kikao.

"Hii nyumba imekuwa pori," alisema. "Nitaleta mashine ya kukata nyasi, ya petroli. Yule kijana wa bodaboda, Noel, atakuwa anakuja kukata. Mambo yaishe."

"Nitaishika mimi," Antipasi alisema.

Kaka alicheka kidogo. Sidhani kama alikusudia ubaya. "Mdogo wangu, wewe pumzika."

"Nimechoka kwa kazi gani?"

Mama alikuwa anachambua choroko, akaendelea kuchambua. Nami nilisema, "Kaka ana haki, Antipasi. Fyekeo tu limekuchana, sembuse mashine." Naliandika hapa kwa sababu ndivyo nilivyosema, na nilimaanisha.

Antipasi aliinuka akatoka nje, akasimama kwenye mvua.

Januari 5

Ameanguka. Jikoni, akiwa hafanyi chochote. Vidonge hakumeza. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nikimeza nisipomeza, si nakaa tu?"

Januari 8

Shule zimefunguliwa. Sare nimemaliza. Nyasi zinanifika kiunoni.

Januari 12

Mama alitoka bila kuniita. Nilimwona kupitia dirisha akiwa ameshasimama katikati ya njia ya choo, mguu mmoja umeinuliwa, kama kuku aliyesitasita. Alikuwa amesikia mluzi, kama pumzi inayotoka kwenye tairi. Nilimwambia asimame hivyohivyo. Nilimwendea kwa nyuma, nikamkumbatia kiunoni, nikamvuta. Sikumwona nyoka. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Nilimpigia kaka simu, nikalia.

Januari 16

Mashine imefika kwa basi. Kaka hakutuuliza. Ni kubwa, injini inabebwa mgongoni kama bomba la kupulizia dawa, na mbele ina kisu cha chuma chenye meno. Noel aliifurahia kama pikipiki mpya.

Januari 17

Noel alikata leo. Kwa haki ya Mungu inafanya kazi. Nyasi zililala kama mtama mbele ya upepo. Alivaa ndala, na miwani ya kukinga macho aliipandisha kichwani kwa kuwa ilimtoa jasho.

Alipofika upande wa dirisha la mama kisu kikapiga jiwe. Eneo letu limejaa mawe, Singida yote ni mawe. Mashine iliruka kando ikamzungusha Noel mzima, jiwe likapasua kioo na kuingia chumbani. Mama alikuwa ameketi kitandani anasali rozari. Jiwe lilipiga ukuta juu ya kichwa chake.

Noel alisema pole, akasema ni bahati mbaya, akaendelea. Upande wa choo hakuufikia. Alisema atarudi kesho.

Januari 20

Noel hajarudi. Ana abiria.

Januari 23

Mvua kubwa. Palipokatwa pamechipua. Noel hajarudi.

Nilipotoka sokoni nilimkuta Antipasi nyuma ya nyumba, amebeba ile mashine mgongoni. Haikuwa imewashwa. Alikuwa amesimama tu nayo, anajifunza uzito wake, huku mkono wa kushoto ukihangaika na usukani. Vile vidole haviwezi kuuzunguka.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia anataka kutuua, nilimwambia atajikata mguu mimi nikusanye vipande. Nilimwita mtoto.

Aliivua taratibu, akaiweka chini.

"Mmenificha moto," alisema. "Mmenificha kisima. Mmenificha fyekeo. Bado kunificha mimi tu, dada. Na hilo nalo mmeshaanza, maana wageni wakija naambiwa nikae ndani."

Ni kweli. Wifi Belinda alipokuja na rafiki yake, mimi ndiye niliyemwambia akae ndani.

Sikuweza kushona chochote jioni hii.

Januari 25

Nilikwenda kwa Nesi Anastasia kuchukua vidonge, nikampa daftari alisome. Nikamuuliza kama mtu wa kifafa anaweza kushika mashine ya kukata nyasi. Nilitaka aseme hapana ili niende nyumbani na neno la zahanati.

Hakusema hapana. Alisema, "Kama angeniuliza mimi ningependa akae mbali nayo. Lakini huyu akikaa bure hamezi dawa, na asipomeza dawa anaanguka. Hayo yamo humu kwenye daftari lako. Sasa usiniulize kama ataanguka. Jiulize akianguka nayo, itamfanya nini."

Njia nzima nilikuwa nalirudia hilo swali.

Jioni nilimwambia Antipasi: umeze vidonge kila siku mbele yangu, kisha twende wote mjini ukachague mashine mwenyewe. Alinitazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta mtego.

"Na kaka?"

"Kaka yuko Dodoma."

Februari 3

Anameza. Hajaanguka. Kesho tunakwenda.

Februari 4

Naandika taratibu, maana leo yametokea mambo.

Tulifika Singida mjini asubuhi, ile mashine kubwa tumeifunga kwenye kiroba. Duka la zana liko nyuma ya soko. Mwenye duka ni mtu wa makamo, kofia kichwani, mpole. Tulisalimiana vizuri. Tatizo ni kwamba kila alichomjibu Antipasi alikisema akiwa amenitazama mimi.

"Mgonjwa ni mimi, mzee wangu, ila masikio ni mazima," Antipasi alimwambia. Yule bwana akaona haya, akamgeukia.

Alianza na zile za kisu, akisifia nguvu. Antipasi akasema hatutaki kisu, kwetu ni mawe. Akatuonyesha za uzi wa nailoni. Uzi huzunguka kwa kasi ukakata nyasi, ukikutana na jiwe unakatika wenyewe, unavuta mwingine. Nikauliza, "Ukikutana na mguu?"

"Utauchapa. Unaweza kuchubua mpaka damu. Lakini hautaondoka na mguu."

Kisha mikono. Zile zenye usukani kama wa baiskeli Antipasi alizikataa zote. Mkono wa kushoto hauwezi. Akapata moja yenye kishikio cha duara kwenye mpini, akapenyeza mkono humo mpaka kwenye kifundo, ukakaa. Nyingine ilikuwa nyepesi kuliko hiyo, ila mpini wake ulikuwa mfupi na umepinda, uzi ukizunguka karibu na vidole vya miguu. Akairudisha. Hii ya mpini mrefu ulionyooka injini yake inanywa petroli iliyochanganywa na oili, na inaning'inia kwa mkanda wa begani wenye klipu nyekundu; ukiivuta, mashine yote inadondoka.

"Sasa nataka kuanguka nayo," Antipasi alisema.

Mwenye duka alidhani hakusikia vizuri.

"Nimeshaanguka kuliko mtu yeyote uliyewahi kumuuzia kitu. Lakini sijawahi kuchagua. Acha leo nianguke nikitaka."

Akajitupa. Pale pale dukani, katikati ya makopo ya rangi na mabomba, injini ikiwa imezimwa. Wateja walishtuka, mama mmoja akasema "Yesu wangu." Antipasi aliinuka, akatazama mashine imelalia wapi, akaanguka tena kwa ubavu mwingine. Akaanguka kifudifudi. Kila mara kile kichwa cha uzi kilikuwa mbele, mbali na miguu, kwa sababu mpini mrefu ulikuwa unatangulia. Mimi nilisimama nimejishika mdomo. Nimemwona akianguka maisha yangu yote, na leo ndiyo mara ya kwanza kumwona akiinuka anacheka.

Uani tuliiwasha. Mwenye duka hakutaka aanguke ikiwa inanguruma, ila alikubali aachie mkono ghafla. Akabana kibonyezo cha mafuta, uzi ukalia kama nyuki. Akaachia. Uzi ukapunguza mwendo, ukasimama, injini ikabaki inaguna chinichini mpaka alipobonyeza kiswichi cha kuzima.

"Umeona, dada?"

Niliona. Nikaona na jambo jingine ambalo sikulisema pale. Mkono wake akianguka kweli, mara nyingine hufunguka. Mara nyingine hubana. Nimewahi kushindwa kumtoa kijiko.

Yule bwana alikubali kuipokea ile kubwa, tukabadilishana, akatuongezea miwani na gambuti. Tumerudi nayo. Kaka hajui bado.

Februari 6

Kaka anajua. Noel amemwambia. Alinipigia, sauti imepanda: "Winfrida, umempa mgonjwa silaha. Likitokea la kutokea, usinipigie." Akakata.

Februari 7

Antipasi amekata upande wa choo.

Nilimfuata kwa nyuma tangu alipoivuta kamba ya kuwashia. Anakata taratibu, anapeleka mkono kulia na kushoto kama alivyokuwa akilipeleka fyekeo, hapigi mawe, anayajua yote yalipo. Alipobakiza kipande kidogo nyasi zilitikisika, kifutu akatoka, mnene kama mkono wangu. Antipasi aliachia mafuta, akarudi nyuma hatua kwa hatua bila kugeuka, akaniambia kwa utulivu, "Mwite mzee Mughwai." Wakamuua kwa jembe.

Mama alikwenda chooni mwenyewe jioni. Aliporudi alisema nyoka hatembei peke yake. Lakini alikwenda mwenyewe.

Februari 15

Jua. Mvua imekatika. Alizeti za watu zinainamisha vichwa.

Februari 22

Jua. Anameza. Hajaanguka.

Machi 2

Mvua imerudi. Mama amemshonea Antipasi kitambaa cha kukinga shingo na majani yanayorushwa. Ameshona kwa mkono, kwa kupapasa, mishono mikubwa kama ya gunia. Mimi ndiye fundi nyumba hii, hakuniomba.

Machi 9

Mtu amesimama barabarani akamuuliza Antipasi kama anaweza kwenda kumkatia kwake. Antipasi alisema atafikiria. Alikula sahani mbili.

Nimezoea mlio wa ile mashine. Nashona nikiwa naufuatisha: ukipanda najua yuko kwenye nyasi nene, ukishuka najua anahama. Kosa langu ni hilo, kuzoea. Nilikuwa namfuata kwa nyuma. Siku hizi namsikiliza tu.

Machi 14

Mlio ulipanda, haukushuka.

Nilikuwa napiga mshono wa kola. Nilingoja ushuke. Ulizidi, ukawa kilio kimoja kirefu. Nikatupa nguo, nikakimbia, miguu mitupu.

Alikuwa chini, karibu na miamba, mgongo umepinda, na mkono wa kulia umebana mafuta mpaka mwisho. Mashine ilikuwa bado imefungwa begani mwake. Uzi ulikuwa unachimba udongo mbele ya miguu yake, unarusha tope na kokoto, na kila mwili wake ulipotikisika kile kichwa kilitambaa huku na huku kama kitu kinachotafuta. Mama alikuwa anakuja na fimbo yake, anauliza, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Nilimpigia kelele asimame.

Hapakuwa na njia ya kumfikia bila kupita mbele ya uzi. Nyuma yake ni mwamba. Nilipita.

Ulinichapa kifundo cha mguu. Sikusikia maumivu, nilisikia kama mtu ameniita kwa nguvu. Nilianguka juu ya Antipasi, nikaitafuta klipu nyekundu, vidole vinateleza kwa tope, nikaivuta, haikutoka, nikaivuta tena. Ikatoka. Lakini mkono wake ulikuwa bado umebana. Nikakipapasa kile kiswichi cha kuzima injini. Kikabonyea.

Kimya kilichofuata sitakisahau. Nilisikia kuku.

Nilimgeuza ubavu, nikamshika kichwa, damu yangu inamwagikia nyasi alizozikata. Mama alifika akipapasa, akatushika wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kichwani.

Machi 15

Nesi Anastasia amenishona. Kifundo kimevimba, ila mfupa ni mzima. Alisema kingekuwa kisu tungekuwa tunazungumza mengine. Sikuhitaji aniambie.

Antipasi alilala kutwa. Alipoamka alikuja kuketi karibu na kitanda changu, akatazama bandeji.

"Dada. Niliachia?"

Ningeweza kumdanganya. Mama alikuwepo, anangoja nitakachosema.

"Hukuachia," nikamwambia. "Mkono ulibana. Nimeizima mimi."

Alitazama mkono wake wa kulia, ule mzima, kwa namna alivyozoea kuutazama ule ulioungua. Alitoka. Nilidhani amekwenda kuitupa mashine kisimani. Nilipochungulia alikuwa ameketi nayo, anautoa udongo uliojaa kwenye kile kichwa, kwa kijiti.

Machi 17

Kaka amepiga simu. Habari zimemfika Dodoma kabla kidonda hakijakauka.

"Nilikwambia," alisema. "Sikukwambia? Sasa iuzwe. Leo. Nitaongea na Noel aje aichukue."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga tangu alipokata simu siku ile. Lakini Antipasi alikuwa ameketi mbele yangu anamenya karanga, anasikia kila kitu, na nikaona kwamba hata nikimtetea vipi, bado anayezungumza nitakuwa ni mimi.

"Ongea na mwenye mashine," nikasema, nikampa simu.

Alijifuta mikono kwanza.

"Shikamoo kaka," alisema. Kisha akasikiliza muda mrefu. "Ndiyo. Mguu umeshonwa... hapana, si wangu, wa dada. Ndiyo, ni kwa sababu yangu. Ndiyo, najua ningemuua." Mama aliacha alichokuwa akifanya. "Hapana, kaka. Haiuzwi. Sikati peke yangu tena, asiposimama mtu nyuma yangu siiwashi. Siku ambayo sijameza dawa siigusi. Lakini haiuzwi." Akasikiliza. "Haya. Msalimie shemeji."

Akanirudishia simu. Karanga zilikuwa zimebaki chache, akazimenya zote kabla ya kusema.

"Upande wa miamba bado nusu," alisema. "Mguu wako unaweza kusimama kesho?"

Nikamwambia unaweza. Hauwezi sana. Lakini mwamba upo pale, nitauegemea.